Kwenda Tucson kununua feruzi na akiki: safari inalipa, au nibaki na mawe ya Voi, hapa Kenya?

Sonara_Kibokoni ameuliza:

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote. Mimi ni sonara hapa Mji wa Kale, Mombasa, na kazi yangu kubwa ni pete za fedha za kiume, zile ambazo mteja huchagua jiwe kwanza ndipo tukazungumza uzito wa fedha. Mawe yanayotoka zaidi dukani kwangu ni akiki na feruzi, kisha yakuti na zumaridi kwa seti za maharusi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikinunua kwa madalali wanaopita dukani na mikoba yao, na mara nyingi tumekwenda vizuri, lakini mwaka jana nilipatwa na jambo lililoniumiza. Nilinunua fungu la feruzi 30 zenye rangi ya samawati safi, zisizo na mshipa hata mmoja, nikazipachika 6 kabla ya Idi. Haukupita mwezi, mzee mmoja aliyekuwa mteja wa marehemu baba yangu alikuja, akaivua pete, akaiweka juu ya kaunta bila kusema neno. Jiwe lilikuwa limefifia pembezoni, pale linapogusana na fedha, likabaki na weupe kama wa chokaa, kwa kuwa mzee yule hutawadha mara tano kwa siku na pete ikiwa kidoleni. Nilimrudishia pesa zake, nikawatafuta na wale watano wengine.

Sasa nafikiria kwenda kununua mwenyewe kwenye yale maonyesho makubwa ya vito na madini ya Tucson, katika jimbo la Arizona, Marekani, ambayo hufanyika kila mwaka kuanzia mwisho wa Januari hadi katikati ya Februari. Nimetenga dola 5,000 za mawe peke yake, mbali na nauli na malazi. Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kufika: je, duka la kiasi changu litapata faida yoyote katika safari kama hiyo, mtu hununuaje huko bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na mawe huingizwaje nyumbani kwa njia iliyo sawa?

Lenzi_Kumi amejibu:

Wa alaykum salaam, fundi. Nimekwenda mara mbili, na jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba Tucson (hutamkwa kama Tusani, hiyo herufi c haisomwi kabisa) si maonyesho mamoja. Ni maonyesho zaidi ya 40 yanayofanyika kwa wakati mmoja, yaliyotapakaa mji mzima: katika ukumbi wa mikutano wa mjini, ndani ya mahema makubwa, kwenye viwanja vya michezo, na katika hoteli ndogo za kando ya barabara kuu, ambako vitanda huondolewa chumbani na nafasi yake kuwekwa meza za mawe. Yalianza mwaka 1955 katika shule moja ya msingi, yakiwa ya chama cha wapenda madini wa pale, na hadi leo chama hicho ndicho kinachofunga msimu kwa maonyesho yake mwezi Februari, ambayo mtu yeyote huingia kwa tiketi.

Kwa kazi yako, tofauti ya msingi ni kati ya sehemu za jumla na sehemu za wazi kwa umma. Maonyesho ya AGTA, chama cha wafanyabiashara wa vito wa Marekani, ndani ya ukumbi wa mikutano, na yale ya GJX kwenye hema kubwa karibu na hapo, hayakuruhusu kuingia mpaka uthibitishe kuwa wewe ni mfanyabiashara wa vito. Jiandikishe mapema, ukiwa na cheti cha usajili wa biashara, namba ya PIN ya kodi, leseni ya duka na kadi zenye jina la duka. Mara ya kwanza mimi sikujiandikisha, nikidhani nitajieleza mlangoni kama tunavyojieleza kwetu, nikapoteza siku nzima na nusu nikizunguka na makaratasi.

Siku ya kwanza usinunue kitu. Nasema hivi nikijua ni vigumu, kwa sababu utaingia chumba cha kwanza na kuona akiki nyingi kuliko ulizowahi kuona maishani, nawe utadhani usipochukua sasa zitakwisha. Hazitakwisha. Tembea, uliza bei, andika kwenye daftari jina la meza, jiwe, ukubwa na bei, kisha rudi hotelini ulinganishe. Na unapouliza bei, hakikisha unajua ni bei ya nini. Kibandiko kikiandikwa 30, huenda ni dola 30 kwa karati, kile kipimo cha uzito wa vito, wala si kwa jiwe, na jiwe la karati 12 likawa dola 360. Vitu vingine huuzwa kwa uzi, vingine kwa gramu, na feruzi ghafi mara nyingi huuzwa kwa ratili yao, ambayo ni gramu 454. Niliwahi kumwona mnunuzi mmoja akiinua mkono kukubali bei ya fungu zima, halafu akaganda alipoelezwa kuwa ile ilikuwa bei ya karati.

La pili ni mwanga, na hapa ndipo wengi huumia, hata kuliko kwa mawe ya bandia. Taa za manjano hupendeza yakuti nyekundu, taa nyeupe kali huipendeza ya buluu, na muuzaji mzoefu anajua ipi awashe wapi. Omba kutoka na jiwe hadi mlangoni, uliweke juu ya karatasi nyeupe, kivulini. Usilitazame kwenye jua lenyewe, kwani jua la jangwa la saa sita mchana hufanya hata kigae cha chupa kimeremete. Wazee wetu wa Mombasa waliokuwa wakitazama jiwe dirishani saa nne asubuhi, mgongo ukiwa upande wa jua, hawakuwa na lenzi ya mara kumi, ila walikuwa na saa yao maalumu ya kutazama.

Kuhusu feruzi: nyingi zilizoko sokoni zimeimarishwa kwa utomvu wa viwandani ili zisivunjike wala kunyonya mafuta ya mwili, na hilo si kosa muuzaji akisema. Kosa ni rangi ya kupakwa, na kosa kubwa zaidi ni jiwe jingine kabisa, hasa haulaiti au magnesaiti, ambayo kwa asili ni meupe yenye mishipa na hunywa rangi kama kitambaa. Lile weupe la chokaa ulilolieleza linanifanya nidhani ulipewa mojawapo ya hayo. Chovya pamba kwenye asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, uipitishe mgongoni mwa jiwe pasipoonekana; pamba ikitoka samawati, mrudishie mwenyewe. Haulaiti pia ni laini, kipimo chake cha ugumu ni 3.5 tu, ilhali feruzi ni 5 hadi 6. Na ujue kwamba ule mgodi wa Arizona uliosifika kwa feruzi ya samawati isiyo na mishipa, Sleeping Beauty, uliacha kutoa feruzi mwaka 2012. Kwa hiyo mtu akikuonyesha sinia zima la rangi hiyo kwa bei ya karanga, muulize maswali.

Mpita_Voi amejibu:

Ndugu yangu sonara, sitaki kukuvunja moyo, lakini hesabu zako naona zimeanzia mbali. Ukipanda treni Miritini asubuhi, Voi unafika kabla ya chakula cha mchana, na huko Taita Taveta kuna jiwe ambalo Wamarekani wenyewe wanalifuata. Tsavoraiti iligunduliwa na mjiolojia Campbell Bridges, kwanza upande wa Tanzania mwaka 1967, kisha kwetu karibu na Tsavo mwaka 1970, na jina hilo likapewa na kampuni ya vito ya Tiffany mwaka 1974. Ni kijani kinachoshindana na zumaridi, na kwa kawaida haipashwi moto wala haitiwi mafuta, wakati zumaridi nyingi utakazoziona huko zimetiwa mafuta ili nyufa zisionekane. Utakwenda Arizona ukute mawe ya Kasigau na Kuranze yakiwa na bei iliyokwisha kulipiwa nauli ya ndege.

Tena kuna ile ganeti (jamii ya mawe ambayo tsavoraiti nayo imo) ya rangi ya machungwa ya bonde la mto Umba, mto huohuo unaoingia baharini karibu na Vanga. Wachimbaji waliiita malaya kwa sababu haikutaka kukaa katika kundi lolote la ganeti walizozijua, wakawa wanaitupa. Leo jina hilo limeandikwa kwenye vibandiko vya bei huko Ulaya na Marekani, na wauzaji wanalitamka kwa adabu zote bila kujua wanasema nini. Nasikia wengine wamelibadilisha kuwa malaia ili wasiwakwaze wateja wetu.

Tahadhari moja tu kwa anayekwenda Voi: mawe ghafi hayanunuliwi kienyeji. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka mfanyabiashara wa madini awe na leseni, kwa hiyo ama uipate, ama ununue kwa mwenye nayo na akuandikie risiti.

Lenzi_Kumi amejibu:

Mpita_Voi, kwa mawe ya kijani nakubaliana nawe kabisa, na mimi mwenyewe ningemkataza fundi asinunue tsavoraiti wala tanzanaiti nje. Lakini hakuuliza kijani. Mteja wake anataka feruzi na akiki, na Taita haitoi feruzi. Kinachomfaa ni kwenda na orodha fupi ya vitu ambavyo kwetu havipatikani kwa uhakika, na kuyapita mengine yote kama asiyeyaona.

Niongeze kidogo kuhusu yakuti nyekundu, kwa sababu anazitumia. Tangu miaka ya 2000 soko limejaa yakuti duni zilizojazwa kioo chenye risasi. Machoni zinavutia na bei ni ndogo, lakini ukizigeuzageuza chini ya lenzi utaona cheche za buluu na vipovu ndani ya nyufa. Kwa sonara hilo ni balaa, kwani moto wa kuungia, boraksi (ile dawa ya kuungia fedha), na hata ile tindikali tunayosafishia pete, huila hiyo kioo na kuliacha jiwe likiwa na mitaro. Usilipachike hata kwa bure.

Mtoa_Mizigo amejibu:

Mimi kazi yangu ni forodha, mawe siyajui, kwa hiyo nitasema la kwangu tu. Kwa viza, sema ukweli kwamba unakwenda kununua bidhaa za duka, na uombe miezi mingi kabla, kwa kuwa mahojiano Nairobi huwa na foleni. Pesa taslimu zikizidi dola 10,000 lazima uzitangaze, kule na huku. Wewe uko chini ya hapo, ila usisahau kuhesabu na za matumizi.

Kila meza unayonunua, dai ankara yenye jina la jiwe, idadi, uzito, bei, na maelezo kama limeimarishwa au kupashwa moto. Mawe yasiyopachikwa, ghafi au yaliyokatwa, mbali na almasi, huingia katika kundi 7103 la forodha, wakati pete na mikufu iliyokamilika ni 7113, kwa hiyo usiyachanganye katika ankara moja. Ukifika, yatangaze, VAT ya asilimia 16 iweke kwenye hesabu zako tangu sasa, pamoja na tozo nyingine zitakazokuwepo wakati huo. Mawe yasafiri kwenye mkoba wa mkononi, yasiingie kamwe kwenye begi linalopita chini ya ndege.

Sonara_Kibokoni amejibu:

Nawashukuru nyote, na dada Lenzi_Kumi kwa namna ya pekee. Nimeamua hivi: za kijani nitazifuata Voi kwa mwenye leseni, na Tucson nitaomba kuingia sehemu za jumla nikiwa na orodha ya vitu viwili tu, feruzi na akiki.

Jana baada ya Alasiri nilimtuma kijana wangu duka la vipodozi akaniletea chupa ya asetoni. Nilizitoa zile feruzi 24 zilizobaki, nikazipanga juu ya gazeti, nikazipitishia pamba moja moja. Kumi na tisa zimetoa rangi, na pamba ya mwisho ilikuwa samawati kama kanga mpya ikifuliwa mara ya kwanza. Tano hazikutoa chochote. Nimezifunga mafungu mawili mbalimbali, pamba nazo nimezihifadhi kwenye mfuko. Dalali yule hupita Jumamosi.