Hoi An kutoka Kampala: Novemba inafaa?

Mkazi wa Ntinda
Wadau, habari zenu. Mimi na mama watoto tunataka kwenda Hoi An, ule mji mkongwe wa bandari Vietnam, mapema Novemba, siku nne. Tushukie wapi? Na suti ya kushonesha itawahi?

Msafiri256
Novemba ahirisheni. Oktoba na Novemba mto Thu Bon hufurika, mitumbwi ikapita milangoni mwa maduka. Katika nyumba ya kale ya Tan Ky, mjini humo, ukuta una alama za mafuriko, kila moja na mwaka wake. Mto huohuo ndio ulioiua bandari: ulijaa mchanga, meli kubwa zikahamia mji jirani wa Da Nang. Nendeni Februari hadi Aprili, mvua chache na joto halijakolea.

Njia: Entebbe, Addis Ababa au Doha, kisha Hanoi au Ho Chi Minh City, halafu ndege ya ndani hadi Da Nang. Hoi An haina uwanja wala reli; ni kilomita kama 30 kwa teksi. Mkikata tiketi mbili tofauti, mzigo mnauchukua na kuukabidhi upya, kwa hiyo acheni muda wa saa nne katikati.

Viza ni ya mtandaoni, dola 25 kuingia mara moja. Hakikisheni anwani ya tovuti inaishia gov.vn. Wengi hukosea wakajaza Da Nang kama mahali pa kuingilia. Jazeni uwanja mtakaogongewa muhuri kwanza, yaani Hanoi au Ho Chi Minh City. Ukikosea herufi ya jina, pesa hairudi. Kadi ya homa ya manjano nayo msiisahau, Entebbe huidai mkirudi.

Sindano na Uzi
Suti itawahi mkienda kwa fundi siku ya kwanza, si ya tatu. Dai kujaribisha mara mbili, na ndani ya mishono kubaki sentimita mbili za kuachia ukinenepa. Ukiambiwa kitambaa ni sufu, omba uzi mmoja uuchome: sufu hunuka nywele na kuacha majivu, poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu.

Angalieni noti pia. Ya dong 20,000, yenye picha ya Daraja la Kijapani la Hoi An, ni ya buluu. Ya 500,000 nayo ni ya buluu. Usiku chini ya taa za hariri zinafanana. Hesabu sifuri kabla ya kutoa.

Mkazi wa Ntinda
Basi Machi. Cao lau, zile tambi za Hoi An, zina nguruwe?

Msafiri256
Ndiyo, vile vipande vya juu ni nguruwe. Agizeni *com ga*, wali wa kuku.