Naomba ushauri: nataka kuujua mji wa Lubumbashi kwa miguu nikiwa na kamera

Binti_Katuba

Jambo yenu wote. Nimezaliwa Lubumbashi, nakaa Katuba, na masomo nimemaliza mwaka huu. Kaka yangu aliye Kolwezi amenipa kamera yake ya zamani pamoja na lenzi moja ya milimita 35. Nyumbani wananiambia nianze kupiga harusi nipate pesa. Labda baadaye. Kwa sasa nautamani mji wangu mwenyewe. Naujua kwa dirisha la basi tu, Katuba mpaka mjini, mjini mpaka Katuba, na kwingine kote nasikia majina. Ruashi sijawahi kushuka. Nataka nitembee polepole, nipige picha za watu, nyumba na miti yetu kama vilivyo.

Mambo mawili yananizuia. La kwanza ni watu wenyewe. Ukitoa kamera sokoni unasikia, "Unatupiga picha ukatuuze wapi?" Na wana haki ya kuuliza, maana picha zetu zimezunguka dunia nzima bila wenyewe kujua. La pili ni polisi. Mama anaogopa sana, anasema binti mwenye kamera shingoni hafiki mbali. Je, niiache nitumie simu? Nianzie kartie gani, yaani mtaa gani? Na ninyi mnaopiga, mnaongeaje na watu?

Papa_Studio

Binti yangu, jambo. Mimi nilikuwa na studio ya picha hapahapa Lubumbashi, komini (wilaya ya mji) inayoitwa Kenya, enzi za filamu, kabla simu hazijawa na kamera. Ushauri wangu: usijaribu kuumaliza mji. Chagua kipande kidogo, barabara chache tu, ukirudie mpaka watu wakuulize mbona jana hukuonekana. Ukipita mara moja utapata migongo ya watu na mikono inayoficha nyuso. Watu wakishakujua, wanaendelea na shughuli zao mbele yako, na hapo ndipo mji unapoanza kuonekana.

Ningekuwa wewe ningeanza na njia ya kutoka mjini kwenda Kamalondo. Reli ilifika hapa 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville, na tanuri la shaba likawashwa 1911. Wabelgiji walipoupanga mji waliwaweka Wazungu upande wao na wafanyakazi Waafrika upande wao, na katikati wakaacha ukanda usiojengwa. Kamalondo, iliyoitwa Albert wakati huo, ndiyo iliyokuwa ng'ambo ya ukanda huo. Jina la mji lilibadilishwa 1966, lakini mpango ule bado uko ardhini. Tembea uuone: barabara pana zenye miti mikubwa, kisha sehemu inayoachia ghafla, kisha viwanja vinakuwa vidogo na nyumba zinasogeleana. Kwenye basi unavuka yote hayo kabla hujamaliza kutafuta nauli. Kwa miguu utaihisi historia ya babu zako, na utajua pa kusimama.

Kuhusu lenzi yako: haivuti mbali, na hilo ni jema. Itakulazimisha umsogelee mtu mpaka umsalimie.

Mama_Lengalenga

Mwanangu, mimi ni mwuzaji, soko la Kenya. Nitakuambia upande wetu, kwa sababu wapiga picha wanashauriana wao kwa wao, sisi hawatuulizi.

Kinachotukasirisha si kamera. Ni mtu kusimama mbali, kupiga, kisha kuondoka haraka. Huyo tunamwona kama mwizi. Njoo, salimia, uliza bei, nunua hata fungu moja. Sema jina lako na unakokaa. Ukisema Katuba, kuna mwenzangu atakuuliza barabara gani, na mazungumzo yameanza. Kisha omba. Akikataa, mshukuru uendelee. Usimbembeleze na usimpige kwa kujificha.

Usipige mtu anapohesabu pesa. Usipige watoto bila mama yao kujua. Angalia na mteja aliye nyuma yangu: kuna mwalimu anayenunua mboga kwa deni, hataki sura yake kwenye simu za wanafunzi. Mama anayenyonyesha mwache kabisa. Na tafadhali, usitafute matope na takataka tu. Soko letu lina matope mvua ikinyesha, ndiyo, lakini mimi nafika alfajiri napanga nyanya zangu kwa rangi, mbivu huku, za kesho kule, na sijawahi kuona mtu akaipiga picha ile.

Na turudishie. Kuna kijana alinipiga nikicheka na binti yangu, akaahidi kuleta karatasi. Nangoja hadi leo. Ukiahidi, leta. Ukijua hutaweza, usiahidi.

Manseba_Bel_Air

Dada, tumia simu. Kila mtu ana simu, hakuna anayekugeukia. Kamera kubwa inaita wezi na inaita maofisa. Mimi napita mji mzima na pikipiki na nina picha nyingi nzuri sana.

Yaya_Kampemba

Manseba, kwa wewe uliye juu ya pikipiki ni sawa. Kwake sikubaliani. Simu unaweza kuitoa bila mtu kujua, na ndiyo maana watu hawaiamini tena. Kamera inasema wazi umekuja kufanya nini. Yule mama hapo juu amelieleza vizuri.

Mdogo wangu, mama yako hajakosea, ila hofu yake ina dawa. Mimi ni mwanamke, napiga picha, na haya ndiyo ninayofuata. Silengi kamera kwa kambi ya jeshi, polisi, askari wa barabarani, uwanja wa ndege, gereza, wala ofisi za serikali, hata kama jengo ni zuri kiasi gani. Mfano ni lile jengo la zamani la michezo ya kuigiza, la miaka ya 1950, Bâtiment du 30 Juin. Kwa mpenda majengo ni hazina. Lakini bunge la mkoa hukaa humo, kwa hiyo ukilitaka, uliza mlangoni kwanza. Jumba la makumbusho liko karibu nalo. Huko pia uliza kabla ya kutoa kamera.

Tembea na kadi yako ya uraia. Kabla ya kuanza kartie mpya, pita kwa shefu wa barabara au ofisi ya komini, jitambulishe, eleza kazi yako. Ukisimamishwa, kamera ishushe, salimia, jibu taratibu, onyesha picha ulizopiga. Usibishane barabarani na mtu mwenye cheo. Tembea na mtu: mdogo wako wa kiume, binamu, rafiki. Yeye anaangalia nyuma yako wakati jicho lako liko kwenye kamera, maana ni dakika hiyo mfuko unapofunguliwa. Mkanda uvae kwa kukatiza kifua, na jina la kampuni ya kamera lifunike kwa utepe mweusi. Giza likianza, rudi nyumbani.

Binti_Katuba

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Mama Lengalenga, nimemsomea mama yangu maneno yako yote. Nina maswali mengine mawili. Nyuso zinatoka nyeusi tii, huoni macho, hasa mchana. Na pia naota kupiga ule mlima mweusi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na bomba lake la moshi. Hilo linawezekana?

Papa_Studio

Nyuso kwanza. Mchana jua letu linasimama utosini, na paji la uso linatia kivuli machoni. Mwite mtu chini ya baraza au mwembe, ageukie upande unaotoka mwanga. Jambo la pili ni ukuta mweupe au anga nyuma yake. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaitia giza picha nzima, na ngozi yetu ndiyo inayoumia. Tafuta kitufe chenye alama ya kuongeza na kutoa, ongeza hatua moja, piga tena, linganisha. Ngozi nyeusi ina rangi nyingi ndani yake, ina udongo, ina shaba, na ni wajibu wako kuzionyesha.

Saa nzuri ni ile ya kwanza baada ya jua kuchomoza na ile ya mwisho kabla halijazama. Agosti na Septemba hewa ina vumbi na moshi, jua la jioni linakuwa kama kaa la moto, picha zinapendeza. Ila lenzi usiitoe kwenye kamera ukiwa barabarani, vumbi likiingia ndani ni gharama. Septemba hiyo mpaka Oktoba mijakaranda inachanua mjini, na petali zinatandika njia kwa zambarau. Wengi wanapiga mti. Wewe piga mama anayefagia chini yake.

Yaya_Kampemba

Kuhusu mlima: usiingie. Ni eneo la kampuni, lina walinzi. Hata hivyo unaonekana kutoka sehemu nyingi za mji, na ni wa maana kwetu. Ule si mlima wa kawaida, ni mabaki ya kuyeyusha shaba tangu enzi za Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa Wabelgiji, na kwa kuwa ndani yake kulibaki kobalti, umekuwa ukichotwa kwenda kusafishwa upya. Unapungua. Picha yako ya leo wajukuu wataihitaji. Tafuta barabara ambako watu wanaishi nao: nguo zimeanikwa, mtoto anatoka shule, na nyuma yao bomba lile.

Tazama pia kazi za mpiga picha Sammy Baloji, mtoto wa mji huu aliyezaliwa 1978. Alichukua picha za kale za wafanyakazi wa mgodi akaziweka juu ya picha zake za viwanda vilivyochakaa. Yumo miongoni mwa walioanzisha kikundi cha wasanii kiitwacho Picha, waliotuletea Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa, mwaka 2008. Fuatilia shughuli zao, utakutana na vijana wenzako wanaotafuta hilohilo.

Binti_Katuba

Nimeamua. Jumamosi natoka na binamu yangu, kutoka mjini mpaka Kamalondo, kamera ndani ya mfuko hadi nimesalimia watu. Mama Lengalenga, wiki inayofuata naomba nije kwako, nikupige pamoja na nyanya zako. Karatasi nitaleta, kuna mahali mjini wanachapisha. Nije saa ngapi?

Mama_Lengalenga

Nyanya nazipanga saa kumi na mbili asubuhi, ukizitaka njoo saa hiyo. Nikimaliza kupanga ondokeni njiani, mizigo inashushwa mpaka saa tatu na wasukumaji hawana breki. Uliza mama wa lengalenga, yaani mchicha, upande wa wauza samaki wakavu. Binti yangu atakuwepo pia, na ile picha ambayo yule kijana hakuleta, wewe utatupiga tena.