Mrejesho: Safari ya Kasubi na watoto wasiotaka kwenda

Mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu kuwapeleka wanangu wawili, wa miaka 14 na 9, kwenye makaburi ya Kasubi walikozikwa makabaka (wafalme wa Buganda) na Makumbusho ya Uganda hapa Kampala, nao walikuwa wamekataa katakata. Nawashukuru nyote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kumpa kila mtoto kazi yake, na huo ndio uliofaulu zaidi. Binti alikabidhiwa kuhesabu pete za paa la Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu yenye makaburi, ambazo ni 52 kwa idadi ya koo za Buganda. Hakuzimaliza, lakini aliuliza maswali mengi kiasi kwamba kaka yake, aliyekuwa amenuna tangu nyumbani, alianza kumjibu kwa kumtajia makabaka wanne waliozikwa pale, kuanzia Mutesa wa Kwanza. Habari ya moto wa mwaka 2010 na ujenzi uliofuata ndiyo iliyomgusa kijana kuliko yote.

Ushauri wa kuacha simu nyumbani sikuufuata, nikajuta. Kadhalika, aliyenionya nisiunganishe sehemu mbili kwa siku moja alisema kweli: tulipofika makumbusho saa nane mchana wote walikuwa wamechoka, na ni vibanda vya asili vya uani pekee vilivyowavutia, pamoja na rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, ya njiani (hiyo hawakuilalamikia). Makumbusho tutayarudia siku nyingine, asubuhi, na binti ameshaomba twende na bibi yake.