Naomba ushauri: kunakili mafaili kwenye Linux kunaanza kwa kasi kisha kunasuasua

Wakuu habari zenu. Nina diski ya nje ya USB 3.0 yenye picha zote za familia. Nikinakili faili la GB 8 kwenda kwenye diski hiyo kwa rsync --progress (amri ya kunakili inayoonyesha kasi), mwanzoni linakimbia, kisha linashuka hadi MB 4 kwa sekunde na kuganda hapo. Ile kasi ya mwanzo najua ni RAM inapokea tu, data bado haijafika kwenye diski. Ndiyo maana hata amri ikimaliza, sync (amri inayosubiri data yote iandikwe kwenye diski) inachukua dakika kadhaa.

CPU imetulia. iostat -x 1 (amri ya kupima kazi za diski) inaonyesha %util 100, yaani diski iko bize muda wote, kwenye diski hiyo peke yake. Nilipopiga lsusb -t (amri ya kuorodhesha vifaa vya USB) nikaona kasi ya 480M badala ya 5000M (megabiti kwa sekunde), yaani inafanya kazi kama USB 2.0. Lakini hata USB 2.0 hutoa MB 30 hivi kwa sekunde, siyo 4!

Kinachonitia hofu ni dmesg (kumbukumbu za ujumbe wa mfumo): kifaa kimeanzishwa upya mara tatu ndani ya saa moja. Na kwenye smartctl -a (amri ya kukagua afya ya diski), Current_Pending_Sector, yaani sehemu za diski zenye shaka zinazoshindwa kusomeka, inasoma 16.

Je, nianze kubadili waya, au diski ndiyo inakufa? Nikimbilie ddrescue (programu ya kuokoa data kutoka diski mbovu) kwanza kabla sijagusa kingine? Picha hizi sina nakala yake pengine.