Bolti za kalipa ya breki: 34 au 107?

Mkazi wa Umoja: Hamjambo ndugu zangu. Ninabadilisha pedi na diski za mbele kwenye Corolla NZE121, na kwa kuwa diski haitoki bila kufunguliwa breketi, yaani chuma kinachoishikilia kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), nimefungua bolti zote nne za kila upande. Kitabu cha ukarabati kinataja nyutonimita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 34 kwa bolti mbili na 107 kwa mbili nyingine, tofauti kubwa kiasi cha kunifanya nishuku kosa la chapa. Fundi wa mtaani kwetu anashikilia kwamba bolti ya breki hukazwa mpaka ilie, basi. Isitoshe, spana ya torki niliyoazima, ile inayopima nguvu ya kukaza, imeandikwa kwa pauni-futi. Je, namba ipi ni ya bolti ipi, na thredi zipakwe grisi? Gari liko juu ya stendi na Jumamosi tunateremka kuelekea Mai Mahiu.

Spana Kumi na Saba: Kitabu hakijakosea. Bolti nyembamba zenye kichwa cha milimita 14, zinazoshika kalipa kwenye pini ambazo huteleza juu yake, ndizo za 34. Zile nene za 17, zinazofunga breketi kwenye chuma kinachobeba gurudumu, ndizo za 107. Unapokanyaga breki, diski hujaribu kuivuta kalipa izunguke nayo, na mvuto huo wote huishia kwenye breketi. Kinachoizuia isisogee ni msuguano unaotokana na jinsi bolti zilivyoibana, kwa hiyo zikilegea hata kidogo breketi huanza kugongagonga na bolti huzidi kujifungua kila unapopunguza mwendo. Bolti za pini hazibebi mzigo wa namna hiyo. Ukizipa 107 zitavutika kupita uwezo wa chuma chake au zitakula thredi ndani ya pini, na hapo utaanza kutafuta pini nyingine Kirinyaga Road.

Kwa spana yako, 34 ni pauni-futi 25 na 107 ni pauni-futi 79. Usithubutu kuiweka kwenye 107 ya pauni-futi, kwani hiyo ni takriban nyutonimita 145.

Mzee wa Gereji: Vijana, mkono uliozoea unajua. Nimefunga breki za matatu tangu zamani kwa spana ya kawaida na hakuna kalipa iliyodondoka.

Spana Kumi na Saba: Mzee wangu, sikupingi kabisa, kwa kuwa spana fupi ya 14 yenyewe humzuia mtu asipite kiasi. Taabu huanza mwanafunzi wa gereji anapochomeka bomba kwenye mpini ili apate nguvu, kwa sababu hapo mkono hausikii tena bolti inapoanza kuvutika. Tena bolti iliyokazwa kupita kiasi haidondoki leo. Humkatikia fundi mwingine mikononi, pedi zinazofuata zikiisha.

Binti wa Kariobangi: Swali la grisi halijajibiwa, nalo ndilo linaloweza kuharibu hesabu yote. Spana ya torki haipimi jinsi bolti inavyobana, hupima tu ugumu wa kuizungusha, na takriban asilimia 90 ya nguvu hiyo humezwa na msuguano wa thredi na wa chini ya kichwa. Ukipaka mafuta, msuguano hupungua, na namba ileile ya 107 itaivuta bolti zaidi sana kuliko mtengenezaji alivyokusudia. Sugua thredi kwa brashi ya waya, zioshe kwa dawa ya kusafishia breki, zikauke, kisha uzianzishe kwa vidole ili zisiingie upande. Grisi ni ya mwili wa pini peke yake, tena iwe ya silikoni au iliyotengenezwa kwa breki, kwa maana ile ya kawaida ya petroli huvimbisha mipira ya kuzuia vumbi na pini hukwama.

Unapokaza zile za 14, ishike pini kwa spana bapa isizunguke na kuusokota mpira wake. Vuta polepole, na spana ikishatoa mlio, acha. Kuiliza mara ya pili na ya tatu ni kuongeza. Usiitumie kufungulia bolti, na ukimaliza irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa kabla ya kumpelekea mwenyewe.

Mkazi wa Umoja: Nashukuru, dada. Je, kiungo kirefu cha soketi kitabadilisha kipimo?

Binti wa Kariobangi: La, mradi kimenyooka na soketi haijalala upande. Kinachobadilisha ni kiungo kinachourefusha mpini wenyewe. Nati za magurudumu nazo zina kipimo, nyutonimita 103, na hukazwa kwa kukingamana. Halafu, kabla hujaliondoa gari hapo, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kwa sababu pistoni za kalipa, zinazosukuma pedi, ulizirudisha ndani na bado ziko mbali na pedi, na breki ya kwanza itakuwa tupu.

Mzee wa Gereji: Hilo la pedali nakubali bila ubishi. Aangalie na kikopo cha mafuta ya breki, maana pistoni zikirudi ndani mafuta hupanda na kumwagika kwenye rangi.