Baiskeli ya injini: ni baiskeli au pikipiki?

Kijana wa Ngokolo
Wakuu habari za mchana. Jana trafiki kamsimamisha baba mdogo hapa Shinyanga, ana baiskeli yake ya Phoenix kaifunga ile injini ndogo ya tustroki inayokaa katikati ya fremu, mnyororo wake upande wa kushoto. Kaulizwa namba, bima, leseni, kofia ngumu, hana hata kimoja. Yeye anasema hii ni baiskeli, pedeli zipo na bila kuzipiga haiwaki. Kaachiwa kwa onyo. Mi naona serikali iseme wazi, injini ikiwa na ukubwa chini ya 50cc ihesabiwe baiskeli isisumbuliwe, juu ya hapo ndo pikipiki. Mnaonaje?

Sheria Mkononi
Huo mstari wa 50cc upo siku nyingi mkuu, ila haujawekwa kukuachia huru. Kwenye leseni zetu kuna daraja A3, pikipiki isiyozidi 50cc. A1 ni zile zisizofika 125cc, A yenyewe juu ya hapo. Sasa kama kuna daraja la 50 maana yake hata ya 49 inataka leseni. Pedeli hazibadilishi kitu, kinachosukuma ni petroli. Na tuseme ukweli, wengi wanaofunga hizi ni waliokosa hela ya boda wanatafuta pa kukwepea.

Fundi Spoki
Waliokosa hela?? Ndugu yangu pima maneno. Mimi ndo nazifunga, wateja wangu ni walimu wa vijijini, wauza maziwa, wazee ambao magoti hayapandi tena kilima. Hawakwepi chochote, wanataka kufika. Wewe uko kwenye kiyoyozi unasoma madaraja, mwenzio anaamka saa kumi alfajiri na madumu. Na injini yenyewe ni 80cc tu, boda ina 125 mpaka 150, utafananishaje?

Vernia
Fundi samahani, 80cc hakuna.

Fundi Spoki
Imeandikwa kwenye boksi.

Vernia
Boksi linaandikwa chochote. Toa hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, upime mwenyewe, silinda upana wake milimita 47, pistoni inatembea 38. Piga hesabu, inakuja kama 66 hivi. Hiyo 80 ni ya kuuzia. Hata ile ndogo wanayoita 50 ni kama 48.

Fundi Spoki
Nimefunga injini hizi miaka sita dogo, wewe umefunga ngapi?

Vernia
Sijafunga hata moja, ila hesabu haiulizi miaka.

Mbeba Boksi
Niko California, huku kwa baiskeli za motor hawahangaiki na cc. Baiskeli ya motor inaangaliwa nguvu na mwendo, nguvu farasi zisifike 4 na isizidi maili 30 kwa saa kwenye tambarare, kama kilomita 48, na leseni ya pikipiki unatakiwa uwe nayo. Za betri ndo zimelegezewa, sheria ya taifa ya 2002 inasema motor isifike wati 750 na isizidi maili 20, hapo inauzwa kama baiskeli ya kawaida. Nadhani mwendo ndo kipimo cha haki maana injini ileile ukibadilisha sproketi, gia ya mnyororo, inakuwa kitu kingine.

Sheria Mkononi
Hilo la mwendo nakubali. Ila nani atampima baba mdogo mwendo huko njia ya Old Shinyanga?

Kijana wa Ngokolo
Jamani mi nimeuliza namba na leseni, mmeenda kwenye pistoni.

Mama Wawili
Mnagombania cc, hakuna aliyetaja breki. Shemeji yangu alifungiwa moja, breki zilezile za vyuma zinazobana rimu, mvua ilikuwa imenyesha, kabana hadi mkono umechoka, baiskeli inaenda tu. Kavunjika nyonga. Fremu ile imetengenezwa kwa mwendo wa miguu! Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Mimi leseni hainiumizi, naumia nikiona mtu anafungiwa injini, breki haziguswi. Fundi nakuuliza wewe, unabadilisha breki?

Fundi Spoki
Dada pole sana kwa shemeji. Mteja akilipia nabadilisha.

Mama Wawili
Asipolipia?

Fundi Spoki
Wengi hawalipii. Namwambia aende taratibu.

Mama Wawili
Basi usifunge. Mtu akikuletea baiskeli haina breki ya maana, mrudishie na injini yake.

Fundi Spoki
Akitoka kwangu anaenda kwa mwingine mtaa wa pili. Vernia, nimetoa hedi leo. 47. Na pistoni inatembea 38.

Vernia
Asante kwa kupima fundi.

Sheria Mkononi
Kwa hiyo ni 66. Hata A3 haimtoshi baba mdogo, anaangukia A1. Anaendesha kinyume cha sheria kila siku.

Kijana wa Ngokolo
Baba mdogo ana miaka 61, hajawahi kudaiwa hata na jirani. Usimuite mvunja sheria wakati aliyemuuzia hakumwambia neno. Boksi lile linauzwa dukani mchana kweupe, halina namba wala karatasi, muuzaji hajasimamishwa na trafiki yeyote. Nijibu hilo kwanza.