Ubaguzi wa rangi Marekani: ni roho ya mtu au ni mfumo?

Mgeni wa Minnesota:
Habari za leo ndugu zangu. Nina ubishi na kaka yangu aliyeko Mwanza. Anasema sheria za kibaguzi Marekani zilifutwa tangu 1964 na 1968, kwa hiyo kilichobaki ni roho mbaya ya mtu mmoja mmoja. Kazini kwangu sijawahi kutukanwa, na bosi wangu mzungu ananijali, nikakosa la kumjibu. Wanaosema ubaguzi umo kwenye mfumo wanaonyesha nini hasa? Nipeni mfano unaoshikika.

Nesi wa Figo:
Mdogo wangu, mimi ni nesi Texas, kitengo cha kusafisha damu. Nakupa ninachokijua.

Maabara hupima kreatinini kwenye damu, yaani taka ya misuli ambayo figo huichuja, kisha fomula inatoa namba ya kuonyesha figo zinachuja kiasi gani. Tangu 1999 fomula zilizotumika sana hapa zilikuwa na kipengele cha rangi: mgonjwa akiwa mweusi, namba yake inazidishwa. Ile ya 2009 ilizidisha kwa 1.159. Sababu iliyotolewa ni kwamba weusi wana misuli mingi zaidi. Mkimbizi wa Kongo aliyekonda kambini na Mmarekani mweusi mcheza mpira walihesabiwa mwili mmoja! Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa tazama. Ili muda wako kwenye foleni ya kupandikizwa figo uanze kuhesabiwa kabla hujafika kwenye mashine ya kusafisha damu, namba lazima ishuke hadi 20. Chukua wagonjwa wawili wa enzi za fomula hiyo, umri mmoja, jinsia moja, kreatinini ile ile. Mzungu anapata 18, anaingia. Mweusi anapata karibu 21, anaambiwa figo zako bado zinajitahidi, subiri. Kuna waliofia kwenye kusubiri huko. Na aliyempa majibu ni daktari mpole, pengine mweusi mwenzake. Kaka yako anatafuta mwenye roho mbaya. Humo hamna, na mgonjwa kaumia vile vile.

Mzee wa Ujiji:
Binti yangu, fomula haikushuka kutoka mbinguni. Kuna watu waliiandika, na wengine waliisoma wakanyamaza. Tukisema "mfumo" tunawapa pa kujificha.

Nesi wa Figo:
Shikamoo mzee wangu. Ni kweli, na watu ndio walioibadili pia: wanafunzi wa udaktari na madaktari waling'ang'ania hadi 2021 ikatoka fomula isiyouliza rangi. Lakini tazama tiba yake. Lingekuwa kosa la mtu, angefukuzwa yakaisha. Hapa ilibidi hesabu ya maabara ibadilishwe, halafu kuanzia Januari 2023 hospitali za upandikizaji zikatakiwa kufukua mafaili ya wagonjwa weusi na kuwarudishia muda walionyimwa. Kwa hiyo watu nawataja, ila siishii kwao.

Mgeni wa Minnesota:
Asante sana dada. Shangazi yangu anasafishwa damu huku, yuko kwenye foleni tangu kabla ya 2023. Afanye nini?

Nesi wa Figo:
Pole yake. Ampigie mratibu wa upandikizaji hospitalini kwake, aulize kama muda wake ulirekebishwa kwa sababu ya fomula ya zamani, na aombe jibu la maandishi. Kama alipimwa damu kliniki nyingine kabla ya kuanza mashine, mkaombe majibu hayo mpeleke wenyewe. Kiingereza kikimpa shida, ana haki ya mkalimani bila malipo.